Mama Alipolifukiza Pipa

Mwaka ule wa barakoa chuo kilifungwa kule Hola, nikarudi Garsen na godoro langu limekunjwa na sanduku la bati, nikidhani nitakaa wiki chache. Nilikaa mpaka nikaacha kuhesabu. Nyumba yetu iko nje ya mji, upande wa nyika, pale lami iendayo Lamu inapoachana na njia za ng'ombe, na masika ya mwaka ule yalinyesha bila choyo. Nyasi zilifika magotini. Minada ya mifugo ilikuwa imefungwa, harusi zimeahirishwa, msikitini watu walisimama mbali mbali kama waliogombana, na mchana ulikuja ukajinyoosha mlangoni petu ukalala. Sijawahi kuishi siku ndefu vile wala tamu vile, na nasema hivyo nikijua kuna watu waliokuwa wakizika.

Baba alikuwa mchungaji aliyebakiwa na kiti na redio. Ukame wa miaka ya nyuma ulikuwa umempunguzia kundi, magonjwa yakalimaliza, na ng'ombe wachache waliosalia walikuwa kwa ndugu zake huko chini kwenye delta ya mto. Alikaa mlangoni, redio akaiweka pajani, akasikiliza mambo ya mbali. Baba hapazi sauti. Hata zamani, fahali akiingia shamba la watu, yeye alimwita mara moja tu kisha akangoja, na fahali alitoka. Sisi watoto tulijifunza kumsikiliza kwa macho.

Basi alasiri moja, mvua imetoka kunyesha na ardhi inatoa ule mvuke wake, redio ikasema mafuta yasiyosafishwa yamekosa wanunuzi duniani. Magari yamelala, ndege zimelala, na meli zilizojaa zimesimama baharini hazina pa kumwaga. Siku nyingine ikasema kuna mahali ambapo muuzaji alimlipa mtu ayachukue. Baba aliniuliza kama amesikia vizuri. Nikamwambia amesikia vizuri. Kisha mtangazaji akaeleza kwamba nchi kubwa zinayanunua mafuta hayo ya bei ya kutupa na kuyatia chini ya ardhi, kwenye mapango ya chumvi, yakae humo hadi siku yatakapotafutwa kwa tochi.

Nilifumba macho nikayaona. Niliona maziwa meusi yasiyo na upepo, yamelala chini ya miji ya watu, chini ya shule na chini ya masoko, na juu yake watu wanatembea na mikate yao bila habari. Kwa siku kadhaa nilikuwa nikisinzia mchana naingia humo, natembea kwenye ukingo wa chumvi bila viatu, na hakuna aliyenifukuza. Sijui kwa nini ndoto ile ilinipa raha. Labda ni ile kufikiri kwamba duniani kuna mahali kitu kinaweza kungoja bila kuharibika.

Siku ile ya tangazo baba alizima redio, akasema, "Hiyo ni samli."

Nyumbani tunasema Kiorma, kwa hiyo maneno yao hapa nimeyavika Kiswahili. Lakini alichosema kila mtu wa ng'ombe angekielewa. Masika maziwa ni mengi hadi hayana shukrani. Mbwa wananywa, wageni wanalazimishwa. Mwanamke mwenye akili wakati huo ndipo anaposukasuka maziwa, anatoa siagi, anaichemsha iwe samli, anaifungia chomboni. Kiangazi kikikausha viwele, yeye ana kitu cha kuwapa watoto. Kwa hiyo baba hakuona ajabu yoyote katika siasa ya mafuta. Aliona tu kwamba wazungu nao wamejua kusukasuka.

"Akiba haiozi," akasema.

Mama alikuwa kivulini anasafisha kibuyu. Hakuinua kichwa. "Akiba haiozi," alisema, "chombo ndicho kinachooza. Hayo mapango yao waliyafukiza kwanza?"

Tulicheka, baba kwa mabega yake na mimi kwa sauti. Mama hakucheka. Alikuwa ameuliza swali.

Nieleze kidogo. Chombo cha maziwa kwetu hakioshwi kwa maji peke yake. Kikishaoshwa na kukauka, mwanamke huchukua kijiti cha mti maalumu, akakiwasha hadi kiwe kaa jekundu, akakiingiza ndani ya chombo, akaziba mdomo, akatikisa. Moshi huingia katika kila kitundu. Maziwa yatakayotiwa humo hukaa, na yana harufu ambayo mtu wa kwetu akiisikia popote duniani anasimama. Mama alikuwa fundi wa kazi hiyo. Wanawake wengine walimletea vyombo vyao vilivyoshindikana, vilivyokuwa vikigandisha maziwa kabla ya wakati, na yeye alivinusa, akavipeleka jikoni, akavirudisha vimepona. Mwanamke anayetia maziwa katika chombo kisichofukizwa, kwa mama, alikuwa sawa na anayelaza mgeni kwenye matope.

Bei ya petroli ilishuka kweli, hata hapa kwetu. Bodaboda walikuwa wakijaza tangi huku wakicheka. Baba akaanza kutembea hadi kituo cha mafuta na kurudi, mikono nyuma, na siku moja akarudi na mpango mzima. Alikuwa na rafiki mkulima kule Wema, Mpokomo mwenye migomba na mahindi kando ya mto na pampu ya kuvuta maji. Kila kiangazi mkulima huyo na wenzake walihangaika na mafuta ya pampu. Yakipanda bei, mahindi hukauka mto ukiwa hatua chache tu. Baba atajaza pipa sasa. Atalichimbia shimo penye kivuli, kama nchi kubwa. Kiangazi kikifika na bei ikipanda, wakulima watakuja kwake, naye atauza, na kwa faida atanunua mitamba wawili au watatu, na kundi litaanza upya.

Palikuwa na shida moja tu. Pipa hujazwa kwa pesa, na pesa yetu yote ilikuwa imesimama nyuma ya nyumba ikicheua.

Ng'ombe huyo alikuwa wa mama. Alikuwa mwekundu, mwenye kipaji cheupe, uzao wa yule aliyetoka naye kwa baba yake siku ya harusi. Wengine wote walipokwenda delta, huyu alibaki, kwa sababu alikuwa akikamwa na kwa sababu mama hakutaka kuzungumza habari ya yeye kwenda popote. Chai yetu ilikuwa yeye. Heshima ya mama mbele ya wanawake wengine ilikuwa yeye pia. Mwanamke asiye na ng'ombe wa kukama huwa haulizwi wala haitwi, anakaa tu, na vyombo vyake vinaning'inia ukutani. Niliyajua hayo, na baba aliyajua kuliko mimi.

Hawakugombana. Ingekuwa afadhali. Walizungumza kupitia kwangu, mimi nimekaa katikati nikichambua mchele.

"Mwambie mama yako kwamba ng'ombe anazeeka," baba alisema, na mama yuko hatua tatu kutoka alipo.

"Mwambie baba yako kwamba nami nazeeka. Anipeleke mnadani?"

"Mwambie mnada umefungwa." Baba alipenda utani, ila utani wake ulikuwa mkavu, na siku hiyo haukumsaidia. "Mwambie pesa ya ng'ombe mmoja leo ni ng'ombe watatu kesho."

"Na mpaka kesho hiyo ifike, maziwa tutayapata wapi?"

Yaliendelea hivyo siku nyingi, taratibu, kati ya swala na swala. Baba alikuwa akitengeneza ndoto yake kila siku, anaongeza kundi, anaongeza zizi, hadi na mimi nikawa naona vumbi la ng'ombe wetu likija kutoka mtoni jua likizama. Nilikuwa upande wake, nakiri. Mama aliacha kujibu. Halafu asubuhi moja akasema, "Hilo pipa likija, chombo nitakitayarisha mimi. Hakuna kitu kitakachowekwa akiba katika nyumba hii ndani ya chombo kichafu." Baba akakubali upesi sana. Alichukua maneno yale kuwa ni idhini, na mimi pia.

Mkulima wa Wema alileta pipa kwa mkokoteni wa punda. Lilikuwa la chuma, la buluu iliyofifia, lenye tundu dogo juu na kizibo cha kuzungusha. Lilishawahi kubeba petroli.

"Mzee, hii pipa nzuri, haivuji," alimwambia baba kwa Kiswahili chake cha mtoni. "Lakini mafuta ikiingia tu, moto weka mbali. Hata sigara, mbali. Umesikia mzee?"

"Yakiingia, hapa hapatawaka hata kiberiti," baba aliapa.

Mama aliyasikia hayo akiwa mlangoni na akayaelewa vizuri kabisa. Mafuta yakiingia. Hakuna kati yetu, si baba, si mkulima aliyeishi na pampu, si mimi na chuo changu, aliyejua kwamba pipa tupu lina hatari kuliko lililojaa. Utupu wake ndio unaowaka.

Alilifanyia kazi pipa lile kama kibuyu kipya. Kibuyu kipya huwa kichungu. Hulowekwa maji, yanamwagwa, hulowekwa tena. Alitia maji na majivu, akalibiringisha uani, akalimwaga. Akatia mchanga, akalibiringisha. Alilinusa, akakunja uso. "Lina ukaidi," aliniambia. Akaliacha juani likauke, siku mbili tatu, akiliziba usiku vumbi lisiingie, na ua mzima ukanuka petroli hadi kuku wakahamia kwa jirani. Nakumbuka vipepeo wa manjano waliokuwa wakitua kwenye maji machafu yale yenye rangi za upinde wa mvua, na mama amechutama kando yao, anatafakari. Alikuwa na furaha, naamini. Kilikuwa chombo kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuletewa.

Siku ya kuuza, baba aliamka akavaa kikoi kizuri. Minada ikiwa bado imefungwa, mnunuzi wa kupita alikuwa akipakia ng'ombe kwenye lori karibu na stendi. Baba alimfunga ng'ombe kamba shingoni, na mama hakutoka kumtazama. Alikuwa jikoni anachagua kijiti. Nilisikia kwato zikienda, zikienda, kisha nikasikia ukimya wa ua usio na ng'ombe, ambao ni kitu cha pekee kabisa. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka barazani.

Mama akatoka na kijiti chenye kaa jekundu. Akakipuliza. Akazungusha kizibo. Akasema Bismillahi, akakiingiza.

Sikusikia mlio. Watu wa stendi waliusikia, wakadhani ni gurudumu la lori limepasuka. Mimi nilichosikia ni kama mlango mkubwa umefungwa kifuani mwangu. Kitako cha pipa kiling'oka kikapiga ukuta wa choo, na pipa lenyewe likaruka upande wa pili, na kati ya vitu hivyo viwili mama alikuwa amekaa chini, miguu imenyooka mbele, kama mtoto. Nyusi zake hazikuwapo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umebadilika rangi. Akanitazama, akasema kwa sauti kubwa mno, "Chombo kimekataa!"

Nilimrukia nikimwita, na yeye akazidi kupaza sauti: "Kimekataa! Mbona husemi kitu?" Nami nilikuwa nikipiga mayowe.

Majirani walimpakia kwenye bodaboda, mmoja mbele mmoja nyuma, hadi hospitali. Mtu mwingine alimkimbilia baba. Alimkuta anakaribia lori, mkono wa mnunuzi umeshanyooshwa, akamwambia mke wako amelipukiwa. Baba aliiachia kamba pale pale na akakimbia. Mzee yule, mwenye kikoi kizuri. Waliomwona wanasema kandambili moja aliiacha barabarani na hakuirudia.

Ng'ombe alirudi peke yake. Mimi nilikuwa nimetumwa nyumbani kutoka hospitali kuchukua kanga na chupa ya chai, nikamkuta amesimama mahali pake, kamba inaburura, anangoja kukamwa. Nyasi nje zilikuwa zimelowa na jua la jioni limezipaka dhahabu, hakuna hata sauti moja, na nilikaa chini ya tumbo lake nikalia huku nikikama. Alininyima maziwa mwanzoni. Mama ndiye aliyejua kumwimbia. Mwisho alinipa kidogo, nikampelekea mama mwenyewe kitandani, akanywa.

Mkono ulipona, ukabaki na ngozi nyororo inayong'aa. Masikio hayakupona. Moja lilikufa kabisa na jingine lilibaki na upenyo mdogo, unaopitisha kelele tu. Ukitaka mama akusikie, sharti upige kelele, na yeye mwenyewe, kwa kuwa hajisikii, akawa anazungumza kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto. Siri za nyumba yetu zikawa za mtaa mzima. Tukazoea. Wa kwanza kuteseka alikuwa baba, ambaye sauti yake haikupata kufika popote. Wakawa wanazungumza kwa mikono na videvu, na wakati mwingine nilidhani wamependana zaidi, na wakati mwingine nilidhani wameachana.

Habari ya kumuuza ng'ombe haikutajwa tena. Pipa alilichukua mwokota vyuma.

Kisha bei ikapanda. Ilipanda taratibu, halafu ikasahau adabu. Kila mara ilipotangazwa, baba alipunguza sauti ya redio, ingawa mama asingesikia hata kama angeiongeza. Mkulima wa Wema alikuja siku moja na dumu tupu, akasema, "Mzee, kama ile pipa ingekuwa..." na baba akamshika mkono akampeleka nje kumwonyesha kitu ambacho hakikuwapo. Nilikuwa nimesharudi chuoni wakati huo, nakuja likizo, na kila likizo nyika ilikuwa imepoteza rangi moja. Mvua ilikosa. Ikakosa tena. Nyasi zikawa vumbi, vumbi likawa hewa, na watu na punda walionekana kwa mbali wakielea bila miguu.

Mama alimlisha ng'ombe wake kila kitu. Mabua ya mahindi ya kununua, maganda ya maembe, maboksi ya dukani yaliyolowekwa maji ya chumvi. Maziwa yalikauka zamani, lakini yeye alikwenda kila asubuhi na chombo kilichofukizwa, akachutama, akagusa kiwele, akarudi na chombo kitupu. Siku ng'ombe alipolala asiinuke, wanaume wa mtaa walikuja na fito, wakampitishia chini ya tumbo, wakamwinua. Alisimama. Kesho yake wakamwinua tena. Siku iliyofuata walikuja wakamkuta ameshakufa, jicho limefunguka likiwa na vumbi juu yake. Wakamburura hadi nyikani pamoja na wa watu wengine.

Nilikuwapo. Alasiri ile baba alikaa kwenye kiti chake na redio haikuwa imewashwa. Mama alikaa mkekani, miguu imenyooka. Hapakuwa na upepo. Mama akasema, kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto:

"Ulisema kweli. Tungemuuza. Leo ungekuwa na mafuta, ungekuwa na mitamba yako. Mimi ndiye niliyekuharibia."

Alikuwa amengoja miaka miwili baba amwambie maneno hayo. Nilijua alikuwa anangoja, kwa sababu hata mimi nilikuwa nangoja. Sasa aliyasema mwenyewe ili yapite.

Baba akasema kitu.

"Ati?" mama alisema.

Baba akarudia. Niliona midomo ikitembea, na mimi niliye karibu sikukamata neno.

"Sikusikii! Sema, nimesema sema!"

Baba akainuka kwenye kiti. Nilidhani anaondoka. Akasimama katikati ya ua, akavuta pumzi, na mtu yule, ambaye hata fahali hakuwahi kumpigia kelele, akapiga kelele hadi sauti ikampasuka.

"Bei nilisema kweli! Lakini ng'ombe alikuwa wako! Na hukusema ndiyo! Nilijua hukusema ndiyo, nikamfunga kamba!"

Ng'ambo ya ua mtu aliacha kutwanga. Mama jirani alitokeza kichwa juu ya uzio, akabaki hapo. Baba hakujua mikono aiweke wapi. Machozi yalikuwa yakimshuka mama, na hakuyafuta. Alimtazama mumewe, akasema kwa sauti ya chini kabisa, sauti yake ya zamani ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ya pipa:

"Usipige kelele. Majirani wanasikia."